Sauti za juu za tarumbeta: kwa nini zinakukimbia, na jinsi ya kuzijenga zikae

Kuigusa C ya juu asubuhi, ukiwa peke yako na midomo haijachoka, ni jambo moja. Kuitoa ikiwa safi katika beti ya tano ya wimbo, baada ya ibada ya saa mbili, ni jambo jingine kabisa. Wapigaji wengi wanahangaikia hilo la kwanza, kisha wanashangaa kwa nini la pili haliji. Sauti ya juu ya kuaminika haipatikani kwa kuongeza nguvu juu ya ile uliyonayo. Inapatikana kwa kupunguza: tundu la midomo liwe dogo, hewa iwe kidogo lakini yenye msukumo, mkono ulegee, na mazoezi yafanywe kwa sauti ndogo yakipanda nusu toni kwa nusu toni.

Tarumbeta tunayoizungumzia ni ya B bemoli, ndiyo iliyo mikononi mwa wengi, kuanzia bendi za Kilutheri za Kilimanjaro na za Wamoraviani wa Mbeya hadi matarumbeta ya harusi ya Dar es Salaam na safu za bendi za dansi. Mpiga kornet (ala iliyo ndugu mfupi wa tarumbeta) wa Jeshi la Wokovu naye atakuta karibu yote yanamhusu. Majina ya noti tumeyatumia kama mpigaji anavyoyasoma kwenye karatasi. C ya chini ni ile ya chini ya mistari mitano, yenye kijistari kimoja. C ya kati iko katika nafasi ya tatu ndani ya mistari. G ya juu ndiyo iliyo juu tu ya mstari wa tano, na C ya juu ina vijistari viwili vya nyongeza juu ya mistari.

Vidato vinavyokaribiana

Bomba la tarumbeta hii likinyooshwa lina urefu wa karibu mita 1.5. Usipobonyeza pistoni yoyote, bomba hilo linakubali sauti chache tu, zilizopangwa kama vidato vya ngazi. Kutoka C ya chini ni do, so, do ya kati, mi, so ya juu, halafu ti iliyoshuka ambayo haikai vizuri kwenye tuni, kisha do ya juu, re, mi. Sasa angalia nafasi kati ya kidato na kidato. Kutoka do ya chini hadi so ni pengo kubwa, na pistoni zimewekwa ili kulijaza. Kutoka do ya juu hadi re ni toni moja tu.

Maana yake ni kwamba huku chini midomo ikikosea kidogo, bomba linakurudisha kwenye noti uliyoikusudia. Kule juu, kosa lilelile dogo linakutupa kwenye noti ya jirani. Mtu akikosa A au B ya juu, mara nyingi nguvu anazo tele. Kilichokosekana ni shabaha.

Kuna sababu ya pili, nayo huwa haitajwi na walimu wengi. Unapopuliza, sehemu ya wimbi la sauti hutoka nje kupitia kengele, yaani ule mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta, na sehemu nyingine hurudi ndani hadi midomoni. Hilo linalorudi ndilo linaloisaidia midomo kushika mwendo wake. Kwa sauti za chini, kengele hurudisha sehemu kubwa. Kadiri sauti inavyopanda, kengele huachia zaidi na kurudisha kidogo, na ikifika jirani ya hezi 1500 (mitetemo 1500 kwa sekunde) msaada huo unakaribia kwisha. Kwa hiyo kila hatua unayopanda, msaada wa tarumbeta unazidi kupungua, na midomo yako inabaki kuijua noti yenyewe. Ndiyo maana mpigaji asiyeisikia noti kichwani kabla ya kupuliza anaweza kuvumilika katikati ya mistari, lakini akifika juu anapotea. Aliyelelewa kwenye kwaya na kuzoea do-re-mi ana faida kubwa hapa: aiimbe noti kwanza, hata kama ni oktava moja chini, ndipo aipulize.

Midomo, hewa na ulimi

Kinachotetema ni midomo. Kwa G ya juu inafunguka na kufunga karibu mara 700 kwa sekunde, na kwa C ya juu zaidi ya mara 930. Ili mnofu wa mdomo uweze mwendo huo, sehemu inayotetema lazima iwe ndogo na tundu la katikati liwe dogo. Wengi wanalijua hilo, ila wanakosea namna ya kulifanya. Namna mbaya ya kwanza ni kuvuta midomo kwa pembeni kama mtu anayetabasamu. Mdomo unakuwa mwembamba, unakosa mnofu wa kukingia kipulizio (kile kikombe cha chuma kinachokaa mdomoni), na sauti inatoka nyembamba kisha inakatika. Namna mbaya ya pili ni kubana katikati, yaani kugandamiza mdomo wa juu na wa chini hapohapo panapotakiwa kutetema. Hewa inakosa njia na sauti inazimika.

Kazi ya kushika ni ya pembe za mdomo. Pembe zinakaza na kubaki pale zilipo, haziendi kwenye mashavu wala hazishuki. Kidevu kinabaki bapa. Midomo inasogea kidogo kuelekea katikati, kama unapotamka "mu", na mdomo wa juu unabaki huru ndani ya kipulizio, kwa kuwa huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kutetema. Simama mbele ya kioo, pulizia midomo mitupu bila tarumbeta ukipanda taratibu kutoka chini kwenda juu, uangalie pembe. Zikikimbilia masikioni, umeshajua pa kuanzia.

Hewa ndiyo iliyozungukwa na mkanganyiko mkubwa kuliko vyote. "Puliza kwa nguvu" ni neno linalobeba mambo mawili tofauti: wingi wa hewa inayopita, na msukumo ulio nyuma yake. Kwenda juu kunahitaji msukumo zaidi na wingi mdogo. Vipimo vilivyofanywa kwa wapigaji vinaonyesha kwamba kwa sauti kubwa za juu, msukumo ndani ya kinywa unaweza kupita kilopaskali 20. Presha ya damu ya 120 anayoandika muuguzi kwenye kadi yako ni sawa na kilopaskali 16, kwa hiyo si jambo dogo. Lakini hewa yenyewe inayopita wakati huo ni kidogo, na ndiyo maana mpigaji mzuri anaweza kushika C ya juu kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi.

Anayechanganya mambo hayo mawili anapofika juu humwaga hewa nyingi. Hewa nyingi inalisukuma tundu la midomo lifunguke. Tundu likifunguka, noti inataka kushuka. Ili isishuke, mkono unavuta tarumbeta kuelekea usoni na kulifunga tundu kwa nguvu. Midomo inabanwa kati ya chuma na meno, damu inapungua, na baada ya mistari miwili ya wimbo hakuna kinachotetema tena. Mnyororo huo wote ulianzia kwenye hewa kupita kiasi, ingawa mwisho wake mtu analalamikia midomo.

Kwa hiyo vuta pumzi ya kutosha bila kuinua mabega, na usijijaze hadi kooni. Msukumo utoke chini, kwenye misuli ya tumbo na mbavu, inayokaza taratibu kadiri noti inavyopanda. Koo libaki wazi kama unapopiga miayo. Ukisikia mkoromo au mguno ukiambatana na noti, koo limefunga na hewa inakwama njiani.

Ulimi unasaidia kwa umbo lake. Irabu za Kiswahili zinatosha kabisa kwa somo hili: shika "a" kwa C ya chini, "e" kwa C ya kati, "i" kwa G ya juu. Ulimi unapanda nyuma na katikati, ncha yake ikibaki chini karibu na meno. Hili si nadharia tupu. Peter Iltis, mpiga honi (ala ya shaba ya orkestra) wa Marekani, alishirikiana na watafiti wa Göttingen, Ujerumani, kupiga picha za MRI zinazotembea ndani ya vinywa vya wapiga honi, na ulimi unaonekana ukiinuka kadiri sauti inavyopanda. Lakini usizidishe. "I" iliyokazwa sana tangu C ya kati inaifanya tarumbeta nzima ilie kwa sauti ya kubanwa, na ukifika juu huna pa kuupeleka ulimi.

Mkono ndio mwizi

Hakuna mpigaji asiyegandamiza kabisa. Bila kugandamiza kidogo hewa ingevuja. Tatizo ni kiasi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, aliipeleka tarumbeta juu usiku baada ya usiku kwa miaka, na midomo yake ikaumia kiasi kwamba kati ya 1934 na 1935 alilazimika kupumzika kwa miezi. Madaktari wanaoshughulikia kuchanika kwa msuli unaozunguka mdomo wameuita ugonjwa huo kwa jina lake la utani, Satchmo.

Kuna kipimo rahisi. Baada ya kupiga dakika kumi, ondoa tarumbeta uangalie kioo. Alama hafifu ya mduara inayofutika ndani ya dakika chache ni ya kawaida. Alama nyekundu yenye kina inayobaki ni mkono unaovuta. Anzia kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia. Kile kikulabu kilichopo juu ya bomba kinasaidia unapohitaji mkono wa kushoto kufungua karatasi au kuweka kiziba sauti. Katika mazoezi kitoe kidole humo, kilaze juu ya kikulabu. Wengi hugundua palepale kwamba noti mbili tatu za juu walizodhani wanazo zilikuwa za kidole hicho. Zisikitikie kidogo, halafu zijenge upya.

Mkono wa kushoto nao ushike tarumbeta kwa kulegea, vidole vikizunguka pistoni bila kukaza kiganja. Mwelekeo wa kengele usibadilike sana unapopanda. Kengele ikiinama sana kuelekea chini, uzito wote wa kugandamiza unaangukia mdomo wa juu, ambao ndio ulitakiwa kuwa huru.

Mazoezi yenyewe

Dakika 40 kwa siku zinatosha kwa mtu mwenye kazi nyingine, mradi nusu yake iwe mapumziko. Kanuni iliyothibitika kwa wapigaji wengi ni kupumzika muda uleule uliopiga. Umepiga dakika moja, weka tarumbeta mapajani dakika moja. Midomo ni misuli midogo inayotegemea damu. Ikinyimwa damu hiyo haijengeki, inavimba tu.

Anza na noti ndefu, dakika nane hadi kumi. Tokea G iliyo kwenye mstari wa pili, shuka nusu toni kwa nusu toni hadi C ya chini na chini yake, kila noti sekunde nane hadi kumi, kwa sauti ndogo. Unachosikiliza ni mwanzo na mwisho wa noti. Ikianza na upepo kabla ya sauti, tundu la midomo ni kubwa mno.

Kisha fuata kuteleza kwa midomo: unahama kutoka kidato hadi kidato bila kubadilisha pistoni wala kugusa ulimi. Weka metronomu kwenye 60, kila noti mapigo mawili, ukipiga so-do-so. Anza na pistoni zote tatu zikiwa chini, halafu 1-3, 2-3, 1-2, 1, 2, kisha wazi. Kila hatua inapanda nusu toni. Baada ya wiki chache, seti hiyo ikiwa laini, ongeza do-mi-do, na baadaye mi-so-mi. Ile so-do ya kuingia C ya juu ije mwisho kabisa, labda baada ya miezi, kwa kuwa kati yake ipo ile ti iliyoshuka inayokunyemelea. Katika kuteleza, sikiliza sehemu ya kati. Ukisikia kishindo au pengo kati ya noti mbili, umebadilisha mkao wa midomo badala ya kuacha ulimi na hewa vifanye kazi. Rudi chini hatua mbili.

Zoezi la tatu ndilo linalojenga kimo. Piga do-mi-so-do na kurudi so-mi-do, kwa pumzi moja, sauti ndogo kiasi kwamba mtu wa chumba cha pili asikie kwa taabu. Anza do ikiwa C ya chini, kisha C kali, kisha D, ukipanda hivyo. Pumzika kama sekunde 20 kila baada ya mzunguko. Simama kwenye noti ya kwanza inayokudai mkono. Usiilazimishe. Iandike kwenye daftari noti iliyotangulia, ile ya mwisho iliyotoka bila mkono. Hiyo ndiyo mali yako ya kweli. Nusu toni inayofuata iongeze pale tu ile iliyoandikwa ikitoka safi katika vipindi vitano mfululizo.

Kwa nini sauti ndogo? Kwa sababu ukipuliza kwa kishindo unaweza kuificha midomo isiyojipanga nyuma ya msukumo mkubwa. Ukipuliza kwa sauti ndogo huna pa kujificha: tundu likiwa kubwa kidogo tu, noti haitoki. Herbert L. Clarke, mpiga kornet aliyesifika katika bendi ya John Philip Sousa, aliyaandika mazoezi yake ya 1912 yapigwe kwa sauti ndogo sana na kwa pumzi moja, na zaidi ya karne moja baadaye wapigaji bado wanayafuata. Sauti kubwa utaiongeza baadaye. Mtu aliye na G ndogo safi akiongeza msukumo anapata G kubwa. Aliye na G kubwa tu hana namna ya kuipunguza.

Zoezi la nne ni la kuaminika, nalo ni fupi. Weka tarumbeta mdomoni, isikie G ya juu kichwani, kisha ianzishe kwa pumzi tupu, bila ulimi, kama unasema "hu". Mara tano, kila mara ukiondoa kabisa kipulizio mdomoni na kukirudisha. Noti ikiitika bila kusukumwa na ulimi, midomo iko mahali pake. Ikitoka kwenye E au C, midomo ilikuwa inaungoja ulimi uje uisukume. Hili ndilo linalofanana na hali halisi ya jukwaani, pale unapongoja mistari kumi na mbili kisha unaingia juu bila kupasha.

Noti za pistoni juu ya G zina utata wake. G kali ni 2-3, A ni 1-2, B bemoli ni 1, B ni 2, C ni wazi. Ila kwa kuwa vidato vimekaribiana, pistoni nyingine pia zinaweza kuitikia. A kwa pistoni ya tatu peke yake huwa chini kidogo na kwenye tarumbeta nyingine inakaa vizuri zaidi. Jaribu zote mbili ukiwa na kipimo cha tuni, chagua moja, uifuate kila siku.

Zoezi la kupanda lifanye mara tatu kwa wiki, si kila siku, na kamwe si siku inayofuata ibada ndefu au harusi. Malizia kila kipindi kwa dakika mbili tatu za noti ndefu za chini, laini, ili damu irudi. Na muda? Anayepiga G ya juu kwa uhakika leo asitarajie C ya juu mwezi ujao. Hesabu kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Kilichoongezeka kwa wiki moja mara nyingi ni mkono.

Dalili na chanzo chake

Sauti ikikatika ghafla kila mara kwenye noti ileile, tuseme E ya juu ndani ya mistari, chanzo kwa kawaida ni mpigaji kuwa na mikao miwili: mmoja wa chini na mwingine wa juu, na anahama hapo. Tiba ni kuanzia juu. Weka midomo kwa ajili ya G, ipige kwa sauti ndogo, kisha shuka nayo hadi C ya chini bila kuondoa kipulizio wala kupanga upya. Chini kutasikika kumebanwa kwa siku za mwanzo. Vumilia, kutafunguka.

Noti inayotoka lakini iko juu ya tuni inaonyesha kubana. Noti inayotoka chini ya tuni na yenye upepo inaonyesha msukumo haupo, au midomo imechoka. Sauti mbili zinazolia kwa pamoja, kama mkwaruzo, ni midomo isiyolingana, na mara nyingi huja siku moja baada ya kupiga kupita kiasi. Hewa ikivuja pembeni mwa mdomo, pembe zimechoka na kipindi kimeisha, hata kama dakika bado zipo.

Kabla ya kulaumu midomo, kagua chombo. Tarumbeta nyingi za bendi zetu zimepita mikono mingi kabla ya kutufikia, na uvujaji mdogo huathiri sauti za juu kabla ya za chini. Chukua kwanza kile kijifuniko cha kutolea maji, chenye kizibo cha koki au mpira. Kibonyeze kwa kidole huku ukipiga G ya juu. Noti ikikaa vizuri zaidi kuliko ulipokuwa hujabonyeza, kizibo kimechakaa, na kukibadilisha ni kazi ndogo. Kisha vuta nje bomba dogo la pistoni ya kwanza bila kubonyeza pistoni hiyo. Likitoka na mlio wa kupasuka, pistoni inashika hewa. Likitoka kimya, pistoni imelegea na hewa inapita pembeni. Mafuta mazito ya pistoni yatasaidia kwa muda. Mwisho ni bomba la kwanza, pale kipulizio kinapoingia. Utando unaojengeka humo kwa miezi unalipunguza upana hasa mahali ambapo sauti za juu ni nyeti. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi ndefu inayopindika, kila baada ya miezi miwili. Maji ya moto sana yanaharibu rangi ya nje.

Jua kali nalo lina lake. Bomba likipata joto, tuni ya tarumbeta inapanda. Mpigaji asiyetambua hilo huishusha kwa kulegeza midomo, na anapolegeza anapoteza noti za juu. Kwenye msafara wa harusi saa saba mchana, vuta nje bomba la kurekebisha tuni, uache midomo ifanye kazi yake.

Kipulizio: kinachobadilika na kisichobadilika

Swali la kipulizio huulizwa mapema mno. Kipulizio cha Bach 7C, kinachokuja na tarumbeta nyingi za wanafunzi, kina upana wa ndani wa milimita 16.20. Kile cha 3C kina 16.30, na 1½C kina 17.00. Tofauti hizo zinaonekana ndogo lakini mdomo unazihisi. Kikombe kifupi, yaani kisicho na kina, kinang'arisha sauti za juu na kumpunguzia uchovu mtu ambaye tayari anazo. Hakimpi asiyekuwa nazo. Tena aliyezoea kubana, akipewa kikombe kifupi, midomo yake hugusa chini ya kikombe na sauti kuzimika kabisa, kisha analaumu tarumbeta.

Mpigaji wa bendi ya kanisa, anayetakiwa kuwa na sauti nene katikati na G ya uhakika juu, abaki kwenye kikombe cha kina cha kawaida. Wa dansi, mwenye mistari mirefu inayozunguka A na C ya juu usiku kucha, anaweza kufikiria kifupi zaidi baada ya kimo kujengeka. Chochote utakachochagua, kaa nacho miezi sita. Anayebadilisha kila wiki anaifundisha midomo upya kila wiki.

Siku ya kupiga, na siku inayofuata

Panga wimbo wako kwa kipimo hiki: noti unayoweza kuiamini jukwaani iko toni moja na nusu hadi mbili na nusu chini ya kilele unachokipata mazoezini. Mwenye C ya juu nyumbani ana G na labda A kanisani. Hiyo inatosha kwa sauti ya kwanza ya nyimbo nyingi za kitabu. Kama mpangilio unadai zaidi, kiongozi wa bendi aushushe wimbo toni moja, au tarumbeta mbili zigawane beti: moja ipige, nyingine ipumzike. Bendi inayopiga msafara wa saa nyingi bila kupokezana inaharibu wapigaji wake wa kwanza mmoja baada ya mwingine, nao ndio walio wagumu kupatikana.

Kupasha kabla ya tukio kusizidi dakika 15, na kusifike kileleni. Noti ndefu, kuteleza kidogo, G mara mbili, basi. Kilele ni cha kwenye wimbo.

Msukumo wa kifua unaotumika kwa noti za juu hupunguza damu inayorudi moyoni kwa sekunde chache, na ndiyo sababu ya kizunguzungu na nyota machoni. Ukihisi hivyo, acha noti palepale na ukae chini. Usipige mazoezi ya juu ukiwa umesimama kwenye ngazi au ukingo wa jukwaa. Mwenye glakoma, ngiri, au presha ya damu isiyodhibitiwa azungumze na daktari kabla ya kuanza mazoezi haya, kwa maana presha ya ndani ya macho nayo huongezeka wakati wa kupuliza.

Siku moja baada ya harusi ndefu, piga dakika 15 tu: noti ndefu kutoka G ya mstari wa pili kwenda chini, sauti ndogo, bila kupanda. Midomo ikiwa imevimba, tumia maji ya baridi, na usiguse tarumbeta hadi uvimbe uishe. Kama baada ya wiki ya kupumzika huwezi kushika hata C ya kati, au unahisi sehemu moja ya mdomo imelegea, ina kibonge au inauma kwa ncha, si uchovu tena. Mwone daktari, umweleze kwamba unapiga tarumbeta na umwonyeshe hasa mahali kipulizio kinapokaa.